Ziara za shule zifike kwenye mibuyu ya Mama Ngina

Imekuwa ada ya shule zetu, hasa zile za bara, kufunga safari ya Mombasa angalau mara moja katika maisha ya mwanafunzi. Tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka wa 2017 safari hiyo imekuwa nyepesi zaidi, na mtu akisimama katika kituo cha Miritini siku za ziara ataona sare za kila rangi zikimiminika kutoka mabehewani. Ratiba ya wageni hawa wadogo haibadiliki. Wataonyeshwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Watavushwa kwa feri ya Likoni ili wakasimulie nyumbani kwamba wamevuka bahari. Watapelekwa ufuoni waloe, wapigwe picha, wanunue kashata na achari. Kisha jua likielekea kuchwa watakusanywa, watahesabiwa, na kurejeshwa walikotoka. Ni ziara nzuri nami siibezi. Hata hivyo, baina ya ngome na feri, katika mwendo ambao mtu mzima hauwezi kumchosha, pana darasa kubwa kuliko ngome yenyewe, na ratiba hiyo hulipita kana kwamba ni kichaka.

Ninakusudia mibuyu iliyo kando ya barabara ya Mama Ngina.

Kwa faida ya msomaji asiyepajua mahali hapo, barabara hii inafuata ukingo wa kisiwa upande wa kusini, kuanzia karibu na feri ya Likoni hadi kuelekea Ras Serani, mkabala na lango ambamo meli huingilia bandari ya Kilindini. Zamani za ukoloni iliitwa Azania, na hadi leo wapo wazee wa mji wanaopataja mahali hapo kwa mnara wa taa. Jioni watu wa Mombasa huenda huko kupunga upepo, kula mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, kunywa madafu na kutazama meli zikipita karibu mno hata mtoto akadhani anaweza kuzigusa. Mwaka wa 2019 bustani ya hapo ilikarabatiwa, njia zikasakafiwa, viti vikawekwa, na sherehe za kitaifa za Mashujaa za mwaka huo zikafanyiwa papo hapo. Na katikati ya hayo yote, miongoni mwa wauza mihogo na wapiga picha, ndipo ilipo mibuyu: minene, ya rangi ya majivu, mingine mashina yake yamefura kama mitungi, mingine imejigawa mapande manne matano yaliyokumbatiana. Watu huiegemea migongo na kutazama baharini.

Sasa tazama urahisi wake. Hakuna mlima wa kupanda wala tope la kukanyaga. Hapahitajiwi buti, hema, wala bawabu wa kumlipa mlangoni. Mtu aweza kuanza mwendo wake karibu na feri, akatembea polepole chini ya vivuli, akapumzika kila atakapo, na katika muda wa kipindi kimoja cha darasani akawa amepita mbele ya viumbe wenye umri uliozidi umri wa kila nyumba aliyowahi kuingia. Nauliza, ni wapi pengine katika Kenya ambapo miti mikongwe ya namna hii inafikika kwa urahisi kama huo, katikati ya mji, karibu na kituo cha matatu?

Urahisi huu si jambo dogo, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tumezoea kudhani kwamba kwenda kuona miti ya kale ni kazi ya wenye miguu yenye nguvu. Tukisema msitu, fikira zetu huenda Kakamega, au Arabuko-Sokoke, au kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na kweli huko kuna miti ya ajabu. Lakini mwalimu anayepanga ziara ya msituni hulazimika, apende asipende, kuwaacha baadhi ya wanafunzi wake. Yule anayetembelea magongo husemwa atachoka. Yule wa kiti cha magurudumu husemwa njia haipitiki. Asiyeona huulizwa kwa huruma ya uongo, "Wewe utaenda kuona nini?" Hivyo wenzao wanapokwenda, wao hubaki basini na dereva, wakila mkate wao na kusubiri kusimuliwa.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa njia ifaayo mahali pote pa umma. Tumezoea kukisoma kifungu hiki kana kwamba kinahusu ngazi za afisi za serikali na milango ya benki tu. Kwani bustani si mahali pa umma? Kwani elimu inayopatikana chini ya mti si elimu? Penye njia tambarare na miti mikubwa pamoja, kama Mama Ngina, mwalimu hana udhuru wa kumwacha mtu basini.

Tena kuna jambo ambalo laiti lingefikiriwa mapema na wakuu wa elimu. Ng'ambo ya pili ya mkondo huo huo, upande wa Likoni, ipo shule ya watoto wasioona. Mbuyu ni mti uliokaa kama kwamba uliumbwa kwa ajili yao. Miti mingi ukiigusa haikwambii kitu: gome, tawi, jani, basi. Mbuyu una mikunjo na mabonde, una makovu na mashimo, mna mahali ngozi yake ni laini kama shavu na mahali imekunjamana kama goti la ndovu. Watoto kumi wakishikana mikono kuuzunguka watajua ukubwa wake kwa namna ambayo mwenye macho, aliyetupa jicho moja akaenda zake kununua muhogo, hatajua kamwe. Mwalimu wa wanafunzi wenye macho naye angefanya vyema kuwafumba macho yao kwa kitambaa kwa dakika tano na kuwaacha watumie viganja.

Na watajifunza nini? Nitaanza na lugha, kwa kuwa gazeti hili ni la Kiswahili na wasomaji wake wengi ni walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao. Ni mara ngapi tumewachosha vijana kwa majedwali ya ngeli ubaoni? Mpeleke mwanafunzi chini ya mbuyu, na mti wenyewe utamfundisha. Mti ni mbuyu, na ikiwa mingi ni mibuyu. Tunda lake ni buyu, mabuyu. Buyu likikamuliwa na kukaushwa likawa chombo cha kuwekea maji, ni kibuyu, vibuyu. Unga mchachu ulio ndani, unaozingira mbegu, ni ubuyu. Shina moja la neno limezaa ngeli nne, na zote nne zinaweza kushikwa mkononi. Ya mwisho hata kuonjwa, maana wauzaji wa mabuyu yaliyotiwa sukari na rangi nyekundu hawakosekani mjini Mombasa, na midomo ya watoto huthibitisha hivyo kwa siku nzima.

Misemo nayo haikosi. Kila mwanafunzi ameandika katika insha kwamba mbuyu ulianza kama mchicha, na aghalabu ameandika bila kuufikiri mti huo. Wengine wamesikia mitaani kwamba fulani "amezunguka mbuyu", yaani ametoa hongo, nao mti maskini ukaingizwa katika kamusi ya rushwa kwa dhambi isiyo yake. Siku hizi vijana wa upande wa Tanzania wanauita umbea "ubuyu". Lugha haimalizi kuutumia mti huu. Jambo linalonishangaza ni kwamba wanaouzungumza ni wengi, na waliowahi kukaa chini yake wakautazama ni wachache.

Kisha kuna sayansi, na hapa nawaomba walimu wawe waangalifu. Wapo waongoza wageni wanaotangaza kwa sauti kubwa kwamba mbuyu huu una miaka elfu moja, na ule elfu mbili, kana kwamba walihudhuria kupandwa kwake. Umri wa mbuyu haupatikani kwa kuutazama. Miti mingine ikikatwa huonyesha duara za miaka ndani ya shina. Za mbuyu hazitegemeki. Wala unene si shahidi, kwani mbuyu hunenepa upesi mahali penye maji na kudumaa penye ukame, na katika miaka ya kiangazi kikali shina lake huweza hata kunywea kidogo. Mfaransa Michel Adanson, aliyekaa Senegal kuanzia mwaka wa 1749 na ambaye jina lake ndilo lililotiwa katika jina la kisayansi la mti huu, Adansonia digitata, alikisia kwamba baadhi ya mibuyu aliyoiona ilikuwa na miaka zaidi ya elfu tano. Wakati wetu wataalamu wametumia kipimo cha kaboni na kuonyesha kwamba alizidisha mno. Hata hivyo walichokipata si haba: mbuyu mmoja wa Zimbabwe ulioitwa Panke ulipimwa ukaonekana kuwa na umri wa karibu miaka 2,450 kabla ya kufa mnamo 2010 na 2011. Ni somo zuri kwa kijana kujua kwamba mtaalamu mkubwa aliweza kukosea kwa maelfu ya miaka, na kwamba ukweli uliosahihishwa bado ni wa kustaajabisha.

Mengine ya kuonyeshwa ni mepesi, nayo yanahitaji macho tu. Mwanafunzi akwaruze kidogo, kwa ukucha na si kwa kisu, gome la nje la kitawi kilichoanguka, ataona rangi ya kijani chini yake. Ndivyo mti huu unavyoendelea kujitengenezea chakula hata miezi ambayo hauna jani hata moja. Aulizwe kwa nini mbuyu haukukatwa miaka yote hiyo ilhali mvule na mbambakofi zilikatwa, naye atafute jibu mwenyewe: ubao wake ni laini, umejaa maji na nyuzi, hautoi mbao wala mkaa wa maana. Aambiwe kwamba maua yake makubwa meupe hufunguka magharibi, na kwamba wanaoyahudumia usiku ni popo, wale wale popo ambao watoto hufundishwa kuwarushia mawe. Bila popo hakuna buyu. Ukimweleza mtoto hilo chini ya mti wenyewe, huenda jiwe likabaki mkononi.

Historia ikitakwa, ipo pia. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyepita Mombasa mwaka wa 1331 akalala usiku mmoja, baadaye alisafiri kwenda Mali, na katika safari hiyo ya mwaka wa 1352 akaona mti mkubwa wenye uvungu, na ndani ya uvungu ule mfumaji ameweka kitanda chake cha kufumia anafuma nguo. Wanaomsoma wanakubaliana kwamba mti huo ulikuwa mbuyu. Mwanafunzi akiwa amesimama Mama Ngina, mbele ya shimo la mti ambamo mtoto aweza kuingia, hatahitaji kubembelezwa aikumbuke hadithi hiyo siku ya mtihani.

Halafu kuna yale ambayo walimu wengi huyaonea haya: pepo, mizimu na majini. Watu wetu wa pwani wameuhusisha mbuyu na viumbe wasioonekana tangu zamani. Palipo na mbuyu mkongwe utakuta pengine kitambaa chekundu, chetezo, marashi, au mabaki ya sadaka. Mwalimu asiwafundishe watoto kuyacheka mambo hayo, wala asiwalazimishe kuyaamini. Awaambie tu jambo lililo dhahiri, kwamba hofu hiyo iliilinda miti kuliko askari wa misitu. Tazameni makaya ya Wamijikenda. Misitu ile mitakatifu, ambayo kumi kati yake iliingizwa mwaka wa 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ilibaki imesimama kwa sababu wazee walikataza shoka lisiingie, ilhali misitu iliyoizunguka ilifyekwa. Katika Kaya Kinondo, upande wa Diani, wageni hupokewa na wenyeji, hufungwa shuka nyeusi kiunoni, huelezwa miko ya mahali, kisha hutembezwa kwa utaratibu. Hakuna anayechuma hata jani. Mgeni hutoka pale akiwa amefundishwa adabu, na kijiji kimepata riziki. Kwa nini adabu hiyo isiwepo mjini?

Nasema hivyo kwa kuwa mibuyu ya mjini haina wazee wa kaya. Ni ya wote, na kitu cha wote, kama tujuavyo, huwa hakina mwenyewe. Mtu hupigilia msumari akatundika tangazo lake. Mwingine huchonga moyo na majina mawili, na majina hayo hudumu kuliko mapenzi yenyewe. Mwingine huegesha gari juu ya mizizi, au huchoma taka karibu na shina. Ni kweli gome la mbuyu lina sifa ya kujiponya hata likibanduliwa na ndovu, na labda sifa hiyo ndiyo iliyotuponza, tukadhani mti huu hauumii. Saruji ikimwagwa hadi shinani, mizizi ikakosa maji na hewa, hakuna gome litakaloponya hilo.

Na tusijidanganye kwamba mibuyu haifi. Mwaka wa 2018 watafiti waliokuwa wamezunguka bara hili kwa miaka kadhaa wakipima mibuyu walichapisha matokeo yao: kati ya mibuyu 13 iliyo mikongwe zaidi, 9 ilikuwa imekufa tangu 2005 au sehemu zake kongwe zimeporomoka, na kati ya 6 iliyo mikubwa zaidi, 5 ilipatwa na hayo hayo. Yote hiyo ilikuwa upande wa kusini mwa Afrika. Walishuku mabadiliko ya tabianchi, bila kudai kwamba wamekwisha kuthibitisha.

Huku kwetu hatari ilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka wa 2022, katika Kaunti ya Kilifi, mibuyu mikubwa ilichimbuliwa na mizizi yake, ikapunguzwa matawi ili ipakiwe kwenye malori, isafirishwe kwa meli hadi Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ikapandwe katika bustani. Picha zake zilienea na wengi wakakasirika. Mwezi wa Novemba mwaka huo Rais aliagiza wizara ichunguze kama mwenye kuichukua alikuwa na kibali kinachostahili chini ya mkataba wa kimataifa wa viumbe anuwai na Itifaki ya Nagoya, akasema pia kwamba lazima pawe na njia ya haki ya kugawana faida na Wakenya. Kelele zilikuwa nyingi. Wengi walimlaumu mkulima aliyeuza.

Mimi simlaumu sana mkulima yule. Mbuyu umesimama katikati ya shamba lake, umechukua nafasi ya mahindi, na kwa miaka yote hakuna mtu aliyemwambia una thamani yoyote. Kisha siku moja anakuja mtu na fedha mkononi, fedha za karo, anataka kuuchukua mti ambao yeye aliurithi bila kuupanda. Angefanya nini? Tulipaswa kuulizana sisi wengine kwa nini mtu wa mbali, asiyejua hata kuutamka mti huo kwa jina lake la Kiswahili, alikuwa tayari kulipia crane, lori na meli ili aupate, ilhali sisi wenye nao hatukuwa tayari kushuka basini. Ukweli ni kwamba kizazi kizima cha Wakenya kimepita shule bila mwalimu kukisimamisha mbele ya mti mkongwe na kusema: hiki ni chetu, na hakuna kingine.

Serikali imejitia katika kazi kubwa ya kupanda miti. Lengo lililotangazwa mwaka wa 2022 ni miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande. Shule zimeshiriki kwa bidii, na picha za wanafunzi wenye miche mikononi zimejaa magazetini. Naunga mkono kazi hiyo. Lakini yapo mambo ambayo miche bilioni 15 haiwezi kuyafanya, na mojawapo ni kuwa mbuyu wa miaka mia tano kabla ya miaka mia tano kupita. Mwanafunzi anayefundishwa kupanda tu, asifundishwe kutunza kilichokwisha kusimama, atapanda mche asubuhi na jioni achonge jina lake kwenye mbuyu, na asione kwamba amejipinga mwenyewe.

Nimewahi kusikia walimu wakijibu kwamba hawana nafasi. Muhula ni mfupi, silabasi ni ndefu, na wazazi wamechoka kuombwa pesa. Zamani udhuru ulikuwa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Sasa udhuru ni kazi nyingi za mtaala wa umilisi. Lakini mtaala huu wenyewe ndio unaodai mwanafunzi atoke nje, ashike, apime, ajadili na atunze mazingira yake. Na kuhusu pesa, siombi safari mpya. Basi limekwisha kukodiwa, Mombasa wamekwisha kufika. Naomba saa moja itolewe katika zile zinazotumiwa ufuoni, ambako, tuseme kweli, walimu hushinda roho juu wakihesabu vichwa majini.

Udhuru mwingine una uzito zaidi, nao ni kwamba tukiwaleta wanafunzi kwa maelfu tutaua miti kwa mapenzi. Nyayo nyingi hushindilia udongo, na vidole vingi hufanya uharibifu. Jibu langu ni kwamba watu tayari wanakwenda kila jioni, tena bila maelezo yoyote. Afadhali hamsini waliofundishwa kuliko watano wasiojua. Lakini ili hilo liwezekane, Serikali ya Kaunti ya Mombasa na Makavazi ya Kitaifa yana kazi yao ya kufanya, nayo haihitaji mabilioni. Kila mbuyu uhesabiwe, upimwe unene na upewe nambari, ili ukitoweka ijulikane umetoweka. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili fasaha, si Kiingereza kilichotafsiriwa ovyo, na yawepo pia kwa maandishi ya breli. Saruji ikome mbali na mashina. Penye ngazi pawekwe mteremko wa viti vya magurudumu, na pawepo angalau miti miwili mitatu ambayo njia inafika hadi pa kuigusa, huku mingine ikiachiwa nafasi yake. Mabango ya matangazo yang'olewe na waliyoyapigilia walipe.

Shule za Mombasa zenyewe nazo zina nafasi ambayo wenzao wa bara hawana. Shule iliyo karibu yaweza kuchagua mbuyu mmoja na kuupima kila mwaka, mwezi ule ule, kwa kamba ile ile, na kuandika ni lini ulitoa majani, ni lini ulichanua, mabuyu yalianguka lini. Daftari hilo likabidhiwe darasa linalofuata. Baada ya miaka ishirini shule hiyo itakuwa na kumbukumbu ambayo wataalamu wataifuata kwa unyenyekevu, tena bila kutumia fedha zaidi ya bei ya kamba na daftari.

Kwa mwalimu wa bara anayepanga ziara sasa hivi, ushauri ni mfupi. Ufike asubuhi, kabla ya jua kuwa kali na kabla ya umati wa jioni. Anzia upande wa feri uelekee Ras Serani, upepo utakuwa usoni. Aliye na kiti cha magurudumu atangulie mbele, ili mwendo wa wote uwe mwendo wake. Kila mwanafunzi awe na penseli, na kila watu wanne wawe na kamba ya kupimia. Wauzaji wa mihogo waachwe mpaka mwisho, la sivyo hutasikizwa. Na dereva aambiwe mapema aegeshe basi barabarani, asiliingize kivulini chini ya mti.